Baba ana stenti na jino la kung'oa: je, aache aspirini na klopidogreli?

"Baba yangu ana miaka 63. Miezi mitano iliyopita alipata shambulio la moyo, akapelekwa Dar es Salaam, akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti moja. Alirudi nyumbani na dawa nyingi, zikiwamo aspirini ya miligramu 75 na klopidogreli ya miligramu 75, kila moja mara moja kwa siku. Sasa anatoka madoa ya bluu mikononi hata akigonga meza kidogo tu. Tumbo linamuunguza, kwa hiyo ananunua omeprazoli dukani. Magoti yanamsumbua, anameza diklofenaki. Gego limeoza, na tabibu wa meno amemwambia aache dawa zote mbili wiki nzima ndipo ang'olewe. Jirani anasema dawa hizo zinamaliza damu mwilini. Mwenyewe anajisikia mzima, anataka abaki na moja, na ameshaanza kuruka siku ili zisimwishie mapema. Mama naye ana miaka 60, ana presha tu, ameanza kumeza aspirini za baba 'ajikinge'. Tushike lipi?"

Pole sana kwa kuuguza. Nianze na lisilosubiri. Kama choo cha baba ni cheusi kama lami, kinanata na kina harufu kali isiyo ya kawaida, au ametapika kitu kinachofanana na mashapo ya kahawa, acha kusoma umpeleke hospitali sasa hivi. Huko ndiko daktari ataamua kuhusu dawa akiwa na vipimo mkononi. Kama hana dalili hizo, leo ameze aspirini na klopidogreli zote mbili, kesho vilevile, na miadi ya jino isogezwe hadi tabibu wa meno awasiliane na daktari wa moyo. Diklofenaki aiache leo.

Sasa tuje kwa jirani. Dawa hizi hazimalizi damu wala haziiyeyushi, ingawa wengi tumezoea kuziita dawa za kuyeyusha damu. Kinachobadilika ni tabia ya chembe sahani, vipande vidogo vya seli vinavyoelea ndani ya damu, ambavyo kazi yake ni kuziba tundu pale mshipa unapochanika. Chembe ya kwanza kufika kwenye jeraha hunata hapo, kisha hupiga mbiu kuziita nyingine. Mbiu ziko za aina kadhaa, na mbili ndizo zinazotuhusu, kemikali ziitwazo thromboksani na ADP. Aspirini huharibu kimeng'enya kinachotengeneza thromboksani, yaani huinyang'anya chembe baragumu lake. Klopidogreli haizuii ADP kutolewa. Huziba sikio la chembe linaloisikia. Kwa hiyo mzee hakupewa dawa ileile mara mbili. Njia mbili tofauti za wito zimefungwa, kwa sababu ukifunga moja tu, nyingine inatosha kukusanya umati. Warfarini, ambayo watu huichanganya na hizi, ni dawa nyingine kabisa: inagusa protini za kugandisha damu zinazotengenezwa na ini, na masharti yake ni tofauti.

Chembe sahani haina kiini, hivyo aspirini ikishaharibu kimeng'enya chake, haiwezi kutengeneza kingine. Hubaki hivyo mpaka ife, na huishi siku 7 hadi 10. Lakini kila siku uboho wa mifupa humwaga kwenye damu chembe mpya, takriban moja kati ya kumi, ambazo hazijawahi kukutana na dawa. Kidonge cha leo kinawashughulikia wageni wa leo. Mzee akiruka siku tatu, karibu theluthi ya chembe zake ni nzima zenye baragumu, na donge la damu halihitaji zote ziamke. Ukiruka siku moja kwa bahati mbaya, si msiba. Dozi inayofuata itafidia. Kuruka kwa mpango, siku hii nimeze, siku ile niache, ni jambo jingine, na ndilo linalonitia hofu katika barua yako.

Hofu hiyo inatokana na stenti yenyewe. Ni kijineli cha waya mwembamba wa chuma kilichotanuliwa ndani ya mshipa wa moyo ili usizibe tena. Stenti nyingi za siku hizi zimepakwa dawa inayozuia kovu lisiote kupita kiasi ndani yake, na dawa hiyohiyo huchelewesha utando wa asili wa mshipa kuufunika waya. Mpaka ufunikwe, damu inakiona chuma kama mgeni, na chembe sahani ziko tayari kumkusanyikia. Donge likijifunga ndani ya stenti, mshipa hufunga ghafla wote na misuli ya moyo iliyo mbele yake huanza kufa. Wengi wanaopatwa na hali hiyo hufa au hubaki na moyo dhaifu. Hatari ni kubwa zaidi katika siku 30 za kwanza, kisha hushuka polepole. Kwa mtu aliyepata shambulio la moyo kuna sababu ya pili: mishipa yake mingine ina utando wa mafuta ambao unaweza kupasuka, na hapo stenti haihusiki hata kidogo.

Ndiyo maana utaratibu wa kawaida baada ya shambulio la moyo ni dawa mbili kwa miezi 12. Aliyewekewa stenti kwa maumivu ya kifua ya muda mrefu, bila shambulio, kwa kawaida hupewa miezi 6. Baada ya hapo hubaki moja, mara nyingi aspirini, kwa maisha yote. Baba yuko mwezi wa tano.

Je, faida ni kubwa kiasi gani, na gharama yake ni ipi? Utafiti ulioitwa CURE, uliochapishwa mwaka 2001 kwa wagonjwa zaidi ya elfu 12 waliokuwa na shambulio la moyo la aina isiyofunga mshipa wote au maumivu makali ya kifua ya kulielekea, unatoa jibu zuri. Waliomeza aspirini peke yake, 11.4 kati ya kila 100 walikufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa au walipata shambulio jipya au kiharusi. Walioongezewa klopidogreli walikuwa 9.3. Upande wa pili, kuvuja damu kwa kiwango kikubwa kulipanda kutoka 2.7 hadi 3.7 kati ya 100. Kwa hiyo kwa kila watu 100, takriban wawili waliepushwa na balaa la moyo na mmoja zaidi alivuja damu sana. Ni biashara yenye faida, ila si ya bure. Kwa mgonjwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 75, mwenye upungufu wa damu, figo dhaifu, aliyewahi kuvuja damu tumboni au anayemeza warfarini pia, mizani inaweza kugeuka, na daktari hufupisha muda wa dawa mbili hata kuwa mwezi mmoja au mitatu. Kwa hiyo hamu ya baba kubaki na moja si ya kupuuzwa. Swali la ni ipi ibaki na lini ndilo lisiloweza kujibiwa mezani nyumbani, kwa sababu linategemea stenti iliwekwa mshipa gani, ilikuwa ndefu kiasi gani, na hali ya figo na damu yake. Kujisikia mzima si kipimo. Mshipa ukiwa wazi mtu hujisikia mzima, mpaka dakika unapoziba.

Madoa ya mikononi. Ngozi ya mtu wa miaka 60 na zaidi ni nyembamba, mishipa midogo iko juujuu, na chembe sahani zimepunguziwa kasi. Doa dogo mkononi baada ya kugonga kitu ni la kutarajiwa. Halihitaji chochote zaidi ya kulivumilia. Yanayohitaji kuonwa na daktari ni madoa makubwa kuliko kiganja, yanayotokea tumboni au mgongoni bila kugongwa, vidoti vyekundu vingi miguuni kama vilivyochomwa na sindano, au fizi zinazovuja zenyewe. Hata kama hayapo, mwombe daktari kipimo cha picha kamili ya damu ili himoglobini ya sasa, yaani wingi wa damu, ilinganishwe na ile ya siku aliyotoka hospitali. Himoglobini inayoshuka taratibu mara nyingi ni tumbo linalovuja kimyakimya. Jambo moja zaidi ambalo zahanati nyingi husahau: asichomwe sindano za msuli bila sababu ya lazima, na akichomwa, sehemu hiyo ikandamizwe kwa pamba dakika 10 bila kuchungulia.

Kwa maoni yangu, diklofenaki ndiyo jambo baya kuliko yote uliyoandika, kuliko hata jino. Inachubua tumbo juu ya tumbo ambalo aspirini inalichubua tayari, inapandisha presha, inazielemea figo, na yenyewe huongeza uwezekano wa shambulio la moyo. Ibuprofeni nayo ina hila yake: hukaa mahali palepale kwenye kimeng'enya ambapo aspirini ingeshika. Ibuprofeni hushika kwa muda tu kisha huondoka, lakini aspirini haidumu kwenye damu zaidi ya saa chache. Inapopata nafasi, imekwisha yenyewe. Mzee anakuwa amemeza aspirini na hajapata kinga. Kwa magoti, parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa 8, visizidi sita kwa siku, inatosha kuanzia. Kama ini lake lina tatizo au ana uzito mdogo sana, kipimo kipungue kwa ushauri wa daktari. Dawa ya kupaka magotini huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo zaidi kuliko vidonge, daktari wake akiikubali. Na msome maandishi ya pakiti: vidonge vingi vya mchanganyiko vinavyouzwa kwa mgongo, mafua au "uchovu" vina diklofenaki, ibuprofeni au aspirini nyingine ndani yake.

Kuhusu tumbo, baba amefikiria sawa kwamba anahitaji kinga. Ameokota dawa isiyofaa zaidi kwake. Klopidogreli inapomezwa bado haina nguvu. Ini ndilo huiamsha, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2C19. Omeprazoli na ndugu yake esomeprazoli hukishughulisha kimeng'enya hichohicho, klopidogreli inayoamshwa ikapungua. Kuzimeza saa tofauti hakusaidii. Niseme kweli: maabara inalionyesha jambo hili waziwazi kuliko linavyoonekana kwa wagonjwa wenyewe, na wapo waliotumia zote mbili bila madhara. Lakini pantoprazoli ipo, inakigusa kimeng'enya hicho kwa kiasi kidogo sana, na inalinda tumbo vizuri, kwa hiyo sioni sababu ya kubahatisha. Muulizeni daktari au mfamasia abadilishiwe, kwa kawaida miligramu 40 asubuhi, nusu saa kabla ya chai. Asiache omeprazoli kabla hajaipata mbadala, maana kukaa na dawa mbili bila kinga ya tumbo ni kubaya zaidi.

Watu wengi hudhani aspirini iliyofunikwa utando ili iyeyukie utumboni haidhuru tumbo. Inapunguza kichefuchefu kwa wengine, basi. Aspirini hudhuru tumbo hata ikishaingia kwenye damu, kwa kupunguza prostaglandini zinazotunza ute unaolilinda. Kama baba amewahi kuwa na vidonda vya tumbo, aombe kipimo cha choo cha bakteria wa vidonda, wakiwapo watibiwe. Kipimo hicho hudanganya mtu anapokuwa anatumia omeprazoli au pantoprazoli, na kwa kawaida dawa hizo husimamishwa wiki mbili kabla yake. Kwa mzee mwenye stenti hilo lipangwe na daktari, si kwa kuziacha kienyeji.

Sasa jino. Ushauri wa kuacha dawa wiki nzima ulikuwa wa kawaida zamani, na wengi bado wanautoa kwa nia njema, wakiogopa damu isiyokatika. Lakini damu ya kinywani inaonekana, inafikika kwa kidole, na inakandamizika. Donge ndani ya stenti halionekani wala halikandamiziki. Jino moja, hata matatu, hung'olewa dawa zote mbili zikiendelea. Kinachobadilika ni maandalizi. Miadi iwe asubuhi, tena mwanzoni mwa wiki, ili damu ikirudi usiku au kesho yake pawe na mtu wa kumwona. Ang'olewe jino moja kwanza. Presha ipimwe kabla. Ikiwa juu sana, jino lingoje. Tabibu atumie ganzi yenye adrenalini kwa kiasi, aweke sponji ya kugandisha ndani ya shimo, ashone nyuzi moja au mbili, kisha mzee ang'ate shashi dakika 30 kamili, zikipimwa kwa saa ya ukutani au ya simu, bila kuitoa kuangalia. Shashi iliyoloweshwa dawa ya traneksamiki, inayosaidia damu kukatika, husaidia sana. Asiondoke kwenye kiti cha kliniki mpaka damu imekatika.

Nyumbani, saa 24 za kwanza asisukutue, asinywe chai ya moto, asinyonye kwa mrija, asivute wala kutafuna tumbaku. Mate yenye wekundu hadi kesho yake ni kawaida. Damu inayojaa mdomo ing'atiwe shashi mpya dakika 20 nyingine, isipokatika, arudi. Na hapa ndipo watu hukwama: cheti cha dawa baada ya kung'oa jino mara nyingi huwa na diklofenaki au ibuprofeni. Mkatae kwa upole, mwombe parasetamoli. Kama tabibu wenu hana nyuzi wala sponji, basi kazi hiyo ifanyike hospitali ya rufaa ya mkoa, na safari hiyo ni bora kuliko kuacha dawa.

Upasuaji mkubwa wa kupangwa, kama wa ngiri au tezi dume, una hesabu nyingine. Kwa kawaida huahirishwa hadi muda wa dawa mbili uishe. Usipoahirishika, klopidogreli husimamishwa siku 5 kabla na aspirini mara nyingi huendelea, ila huo ni uamuzi wa mpasuaji na daktari wa moyo wakiwa pamoja.

Kama kuruka siku kunatokana na fedha, mwambieni daktari waziwazi, hakuna aibu. Klopidogreli inatengenezwa na viwanda vingi kwa majina tofauti, na ya bei nafuu iliyosajiliwa inafanya kazi ileile. Muwe macho tu msinunue boksi mbili zenye majina mawili ya biashara mkampa zote, kumbe ni dawa moja. Nunueni nyingine vikiwa vimebaki vidonge 7. Akisahau, ameze anapokumbuka siku hiyohiyo. Asimeze viwili kesho yake kulipa deni. Ikiwa anafunga Ramadhani na daktari amemruhusu, zote mbili zinamezwa mara moja kwa siku, hivyo anaweza kuzimeza baada ya futari bila kupoteza kitu. Kitunguu saumu na tangawizi za mchuzi hazina neno. Vidonge vyake vilivyokolezwa asitumie bila kuuliza. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au za VVU zenye ritonavia, daktari anayeziandika lazima ajue kuhusu klopidogreli, maana hubadilisha nguvu yake.

Kuna homa moja inayostahili tahadhari ya pekee pwani yetu: dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Hushusha chembe sahani. Mzee akipata homa kali yenye maumivu ya mwili, kipimo cha malaria pekee hakitoshi. Chembe sahani zihesabiwe. Zikishuka chini ya elfu 50, daktari huenda akasimamisha dawa moja kwa siku kadhaa. Afanye yeye, na awe ameambiwa kuhusu stenti.

Mama aache aspirini. Nasema hivyo nikichukulia kwamba hajawahi kupata kiharusi, shambulio la moyo wala stenti. Kama amewahi, amwone daktari kwanza. Kwa mtu asiye na ugonjwa wa mishipa, tafiti tatu kubwa zilizotoka mwaka 2018 zilionyesha kwamba faida ya aspirini ni ndogo mno au haipo kabisa, na kuvuja damu kunaongezeka. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa Marekani linaloshauri kuhusu kujikinga na magonjwa lilishauri watu wa miaka 60 na zaidi wasiianze kwa ajili ya kujikinga. Kwa mwenye presha isiyodhibitiwa ni hatari zaidi, kwa kuwa mshipa wa ubongo ukipasuka, chembe sahani ndizo angezihitaji. Kinga yake ni kumeza dawa za presha kila siku na kuishusha chini ya 140/90, na chini zaidi kama daktari ataona inafaa.

Nyote nyumbani mjue la kufanya ghafla. Baba akibanwa kifua zaidi ya dakika 10, akatoka jasho jembamba, maumivu yakaenda taya au mkono, atafune aspirini ya miligramu 300, yaani vidonge vinne vya 75, isipokuwa kama anavuja damu, na apelekwe moja kwa moja hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, si zahanati ya kungoja drip. Lakini mdomo ukipinda, mkono ukalegea, ulimi ukawa mzito au kichwa kikapasuka kwa maumivu ya ghafla, msimpe aspirini ya ziada, kwa kuwa huenda ni damu inayovuja ubongoni na picha ya kichwa ndiyo itakayosema. Damu ya puani: akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua dakika 15 mfululizo, ikipita nusu saa, hospitali.

Kwenye simu yake na kwenye karatasi ndani ya pochi muandike tarehe ya stenti, mshipa uliowekwa, majina ya dawa mbili na mwezi zinapotakiwa kuangaliwa upya. Mwezi wa 11 tangu stenti iwekwe ukifika, ombeni miadi ya kliniki ya moyo, ili siku klopidogreli itakapoondolewa iwe daktari ndiye aliyeiondoa, na aspirini iendelee asubuhi inayofuata kama kawaida.